Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha zangu ndogo za Tanga

Wengi mnaonisimamisha njiani au kuniandikia huuliza mambo yale yale, na mna haki ya kuuliza. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe nimeishi nalo miaka. Mengine hayahitaji zaidi ya mstari mmoja.

Unachora nini hasa?

Mji wa Tanga siku za kawaida. Muuza kahawa na dele lake juu ya makaa. Fundi wa Ngamiani amepindua baiskeli magurudumu juu. Wazee kwenye bao, baraza limejaa na mmoja amesimama kwa kukosa pa kukaa. Mama anageuza vitumbua alfajiri, mvuke umemficha nusu ya uso. Mashabiki wakitoka Mkwakwani jioni, Coastal Union imefungwa, wanatembea hawasemezani. Bajaji tatu chini ya mwarobaini mmoja, madereva wamelala, miguu nje.

Zote ni kwa rangi za mafuta, juu ya vibao. Kikubwa kabisa ni sentimita 20 kwa 25. Vingi ni 13 kwa 18, na vipo vya 10 kwa 10 vinavyokaa kiganjani.

Mbona ndogo hivyo?

Mwanzo ilikuwa uwezo. Nilipanga chumba kimoja Makorora, kitanda kimechukua nusu, jiko na ndoo za maji robo, na rangi nzuri ya mafuta ni ghali. Kibao kidogo kilikula rangi kidogo na kilikauka juu ya kabati bila kumbughudhi mtu. Siku hizi nafasi ninayo, na bado nachora ndogo.

Picha kubwa mtu huitazama akiwa amesimama alipo, tena mara nyingi akipita. Ndogo humlazimu asogee. Nimewaona watu wazima wakivua miwani, wakaivaa tena, wakainama mpaka pua ikakaribia rangi, kisha wakanyamaza. Wakiwa karibu hivyo ndipo wanapouona mkono wa muuza kahawa unavyoshika vikombe viwili kwa vidole vitatu, tayari kuvigonganisha. Mtu huyo wamempita kila siku tangu utotoni wasimwangalie namna hiyo.

Na vitu vyenyewe ni vya karibu. Kikombe cha kahawa kina mafunda mawili matatu. Ukikichora kwa upana wa mlango umekitoa barazani, umekifanya tangazo.

Lipo na hili la kazi tu: vibao vinne vidogo na rangi zake vinaenea kwenye sanduku moja nyuma ya baiskeli, na kibao kidogo naweza kukimaliza mwanga haujabadilika.

Kwa nini huchori Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni au majengo ya Wajerumani?

Wapo wanaovichora na kuvipiga picha, na wanafanya vizuri. Kwangu huingia kwa nyuma tu: mnara wa saa ukichungulia juu ya bega la mtu, Boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, likiwa ukuta mweupe nyuma ya baiskeli mbili. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mjini mwaka 1893, na kila mgeni huambiwa hivyo. Mimi nilipokwenda stesheni nilimchora mama aliyesinzia juu ya kiroba cha machungwa ya Muheza.

Majengo yale yana watu wa kuyalinda na vibao vya kuyaeleza. Ninachokihofia ni kile ambacho hakuna anayedhani kitatoweka. Nilipokuwa mdogo, studio za picha zilikuwa na pazia lililochorwa: bahari, minazi, pengine na ndege angani. Siku ya Idi familia nzima inapanga foleni, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, mnasimama mbele ya bahari ya kuchorwa ilhali bahari yenyewe iko mwendo wa dakika kumi. Simu zilipoenea, mapazia yakakunjwa yakatiwa stoo, panya wakamaliza. Picha za familia tunazo hadi leo. Lakini chumba chenyewe hakuna aliyekipiga picha: stuli, taa mbili za miguu mitatu, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kamba kwenye msumari ili kisiibwe. Nimekichora chumba hicho kwa kukumbuka mara nne, na kila nikifika kwenye kitana mkono hunitetemeka.

Kwa nini rangi ya mafuta, si ya maji wala akriliki?

Kwa sababu ya joto letu. Akriliki hukauka maji yake yakiruka, na ukiwa nje saa nane mchana upepo wa kaskazi unavuma, rangi hushika kwenye brashi kabla hujafika kibaoni. Rangi ya mafuta haikauki hivyo. Ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu za kitani, na mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole, siku baada ya siku, mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Napata mchana mzima wa kulainisha ukingo wa kivuli, kufuta na kurudia.

Hazikauki sawasawa. Kahawia ya udongo ina manganizi inayoharakisha mambo. Nikiipaka leo, keshokutwa naigusa kwa kidole. Nyeupe ya titani hujivuta, na wakati wa masika hujivuta zaidi. Ndiyo maana katika picha zangu za Ijumaa kila kitu hutangulia kukauka, ukuta, mlango, vivuli, na kanzu huwa za mwisho.

Kanuni moja siivunji: tabaka la chini liwe jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini, na mafuta mengi yawe juu. Ukigeuza mpango huo, la juu hukakamaa la chini likiwa bado linasogea, na picha hupasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Unachorea wapi, na saa ngapi?

Mtaani, nimekaa kwenye kigoda, sanduku mapajani. Kinachoniwezesha ni kitu kidogo ambacho hakisifiwi inavyostahili: tyubu ya rangi. Mmarekani John Goffe Rand aliibuni mwaka 1841. Kabla yake wachoraji walihifadhi rangi ya mafuta kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Kutoka nayo nje ilikuwa tabu.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu hupanda wima. Saa sita mchana vivuli huingia chini ya miguu ya wenyewe, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini hasa. Wengi husema saa hiyo haichoreki. Mimi naipenda. Mchanga wa mtaani hurudisha mwanga juu, ukaingia chini ya vipaa vya mabaraza, na nyuso za waliokaa kivulini zinamulikwa kutoka chini, rangi ya asali. Kanzu nyeupe kivulini si nyeupe hata kidogo: upande wa barabara ina uwaridi, upande wa ndani ina bluu ya nili.

Asubuhi nachora saa moja hadi saa tatu, jioni kuanzia saa kumi na nusu. Magharibi ya kwetu hayangoji mtu. Jua likizama nina kama dakika 20, baada ya hapo rangi zote mkononi ni moja.

Ufukweni kuna kalenda nyingine. Pale Deep Sea, wanaposhusha samaki, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji huwa yamekupwa sana kama saa nne asubuhi. Mashua zimelala ubavu na watu wanazifuata kwa miguu na vikapu vyao. Wiki moja baadaye, saa ile ile, maji mafu, yale yasiyojaa wala kukupwa sana, yameingia, na mahali nilipoweka kigoda pana maji ya magoti. Nilipoteza vibao viwili hivyo, nusu maji ya wiki hii, nusu ya wiki ile, mpaka mvuvi mmoja mzee akaniambia: "Mwanangu, bahari haiji kwa Jumatatu. Hesabu mwezi." Sasa nikiacha picha ya pwani haijakamilika nasubiri siku 14 au 15. Maji hurudi karibu pale pale, saa ile ile.

Picha moja huchukua muda gani?

Saa mbili hadi tatu mtaani, kisha siku mbili tatu za kurekebisha nyumbani. Kukauka ni habari ya miezi.

Spoku za baiskeli unazichoraje nyembamba vile?

Watoto ndio huuliza hili zaidi. Sizichori. Nikishapaka gurudumu lote kwa rangi nyeusi na ikakauka kabisa, napaka juu yake rangi ya kile kilicho nyuma, mchanga au ukuta. Hiyo ya juu ikiwa mbichi, naikwaruza kwa mwiba wa mdimu, na weusi wa chini unatokeza mistari. Mwiba wa mdimu ni mgumu, haushiki kutu, na ukivunjika mti uko uani. Spoku sita au saba zinatosha, jicho humalizia zilizobaki. Kisha nukta moja ya nyeupe kwenye rimu, upande wa jua.

Na baiskeli hapa huwezi kuidanganya. Mji wetu ni tambarare, watu wameendesha baiskeli vizazi na vizazi, mama zetu na baibui zao wamezikusanya zisiingie kwenye mnyororo. Nikikosea urefu wa keria naambiwa siku hiyo hiyo.

Unaomba ruhusa kwa watu unaowachora?

Ndiyo. Na aliyekataa simchori, wala sirudi kumuuliza mara ya pili. Watoto nawaombea kwa wazazi wao, na nikiwachora huwa wameangalia kwingine. Aliyekaa nikamchora hupata nakala iliyochapishwa kwenye karatasi nzuri, na picha ikiuzwa ana fungu lake.

Ruhusa lakini si neno la mara moja. Palikuwa na bibi mmoja muuza mihogo ya kuchemsha, Barabara ya 12. Nilimwamkia, nikamweleza, akakubali. Nikachora asubuhi tatu. Nilipomwonyesha aliitazama muda mrefu, mkono wenye chumvi ameuweka mbali isije ikaharibika.

"Umeniandika vizuri," akasema. Wazee wetu huita kuchora kuandika. "Lakini leso yangu mbona haina jina?"

Leso yote kwenye kibao ilikuwa na upana wa vidole viwili. Pale penye maneno nilikuwa nimepiga vistari vya haraka tu, kama wafanyavyo wachoraji. Nikamwambia, "Bibi, hata nikiandika hayatasomeka. Ni madogo mno."

"Mie nitajua yapo."

Nikairudisha nyumbani. Nilichukua brashi niliyoipunguza ikabaki nywele tatu, nikashikilia pumzi kila herufi, nikaandika WEMA HAUOZI, neno zima, pale kwenye pindo. Kwa macho ya kawaida bado ni vistari. Bibi alipoletewa hakuomba hata kioo cha kukuzia. Alipitisha kidole hewani juu ya pindo kutoka kushoto kwenda kulia, akaridhika. Tangu siku ile kila leso ninayoichora namuuliza mwenyewe jina lake, nami naliandika.

Kuchora watu si haramu?

Naulizwa hili na watu ninaowaheshimu, tena kwa nia njema. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha za viumbe wenye roho: wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu zisizokusudiwa kutukuzwa. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Nasema ninavyofanya. Picha ya mtu simshauri yeyote aitundike mahali anaposalia. Na nyumba isiyotaka picha za watu naichorea mlango, kigoda kitupu, dele likifuka, au viatu vilivyovuliwa nje ya msikiti saa ya Ijumaa. Viatu hivyo nimevirudia kuliko kitu chochote. Utajua kipi ni cha mzee, kipi cha mwanafunzi aliyechelewa, na kipi cha fundi, maana kimebeba saruji.

Mbona hufanyi Tingatinga? Ndiyo inayouzika.

Inauzika na inastahili. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, na kabla ya kufika Dar es Salaam alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa zile zile zilizopakwa baiskeli, akafariki mwaka 1972, na mtindo alioanzisha umelisha familia nyingi hadi leo. Mwenye kuubeza hajui anachosema.

Ila macho yangu hutafuta kivuli, na Tingatinga haina haja ya kivuli. Nguvu yake iko kwenye umbo na rangi safi. Mchoraji niliyemtazama zaidi kwa habari ya kazi za kila siku ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London. Alichora kwa rangi za mafuta watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakibeba pombe ya ndizi kwenda harusini, na mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua kazi yake. Uhuru ulipopatikana akawa mwakilishi wa nchi yetu London. Kwangu hilo linatosha kumjibu anayesema kumchora mtu na jembe lake ni kazi ndogo.

Unachora kwa kutazama picha za simu?

Kidogo, kwa umbo la vitu. Rangi siiamini simu: kivuli inakifanya cheusi, ilhali mimi nimekiona zambarau. Huwa nachora rasimu kwa penseli na kuandika rangi pembeni kwa maneno yangu: "ukuta, chai ya maziwa", "bati, sufuria iliyosuguliwa mchanga", "anga, maji ya kwanza ya mchele".

Nataka kuanza. Ninunue nini?

Rangi tano: nyeupe ya titani, bluu ya ultramarini, njano, nyekundu, na kahawia ya udongo. Nyeusi usinunue. Bluu hiyo ukiichanganya na kahawia inakupa weusi wenye uhai, unaouelekeza kwenye ubaridi au joto utakavyo. Brashi tatu za manyoya magumu na moja laini.

Vibao mwombe seremala vipande vya hadibodi vilivyobaki. Wengi hukupa kwa bei ya soda. Piga msasa upande laini, paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kibao, tabaka mbili tatu, na usisahau mgongo na kingo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kibao kilichopakwa upande mmoja hupinda kama chapati iliyosahaulika juani. Rangi ya ukutani usiitumie badala ya jeso, hubanduka.

Kuzimulia tumia tapentaini, dirisha likiwa wazi. Thina ya rangi za magari usiitumie chumbani unamolala. Usile huku unachora, na nawa mikono: rangi zenye kadimi au risasi ni sumu.

Sasa nisikilize kwa hili. Tambara lenye mafuta ya kitani linaweza kushika moto lenyewe, bila kiberiti. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na tambara likiwa limerundikwa, joto halina pa kutokea. Usiku mmoja niliamshwa na harufu. Nilikuta rundo la matambara kwenye ndoo ya plastiki limeungua katikati, ndoo imeanza kuyeyuka, na mwanangu amelala hatua mbili kutoka pale. Matambara yako yaanike moja moja nje yakauke, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Kila siku, hata ukiwa umechoka.

Bei ni kiasi gani?

10 kwa 10 ni shilingi 60,000. 13 kwa 18 ni 110,000. 20 kwa 25 ni 200,000. Fremu ni juu ya hapo, ya mninga au ya mbao za mashua kuukuu. Ukitaka kulipa kidogo kidogo tuelewane tu. Watu wa mtaa niliouchora wana bei yao.

Unatuma mikoani?

Natuma, baada ya picha kukauka, na kwenye sanduku la mbao lenye vijiti pembeni ili kitu chochote kisiguse uso wa picha. Zamani nilimkabidhi mtu wa mizigo picha ya wiki tatu, ngozi imeshika lakini ndani bado laini. Njiani sanduku lilifunguliwa, ikafungwa upya kwa gazeti. Mteja alipoifungua, gazeti lilikuwa limegandana na anga: juu ya Ngamiani pana maandishi yamegeuka kinyumenyume, matokeo ya ligi. Nilichora upya bila malipo. Sasa sitoi picha kabla ya wiki sita, na ukiniharakisha nitakwambia subiri.

Nimeinunua, niitunzeje?

Itundike. Wengi huniambia "nimeihifadhi kabatini isiharibike", na huko ndiko inakoharibikia. Mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka njano. Ikikukuta hivyo usihuzunike: iweke kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha, si jua la moja kwa moja, na baada ya wiki kadhaa unjano mwingi hupungua.

Jikoni hapana, moshi na mafuta ya kukaangia vitaizika. Ukuta unaovuja wakati wa masika hapana. Acha upenyo mdogo kati ya fremu na ukuta hewa ipite. Vipande viwili vya kizibo nyuma vinatosha. Vumbi lifute kwa brashi laini kavu. Maji, sabuni na ndimu visiiguse kabisa.

Vanishi nitaipaka mimi, ikitimiza miezi sita hadi mwaka. Ilete, sitozi kitu.

Naweza kuchapisha picha niliyonunua kwenye fulana au kalenda?

Bila makubaliano, hapana. Ulichonunua ni kibao. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Niandikie kwanza. Mara nyingi nakubali, mradi na aliyechorwa akubali.

Nyumba yetu ilibomolewa. Unaweza kuichora?

Naulizwa hili zaidi na watu wa Tanga waliohamia mbali, na ndiyo kazi ya kuagizwa ninayoipokea kwa moyo wote. Picha moja iliyofifia inanisaidia, lakini masimulizi yananisaidia zaidi: mlango ulilia ukifunguliwa? Mtungi ulikaa upande gani? Jioni nani alikaa wapi?

Ndugu wanne waliniletea nyumba yao ya Chumbageni. Wamekubaliana kila kitu, bati, baraza, mpera wa pembeni, isipokuwa mlango. Kaka mkubwa anasema ulikuwa bluu. Dada mdogo anaapa ulikuwa kijani, yeye aliusukuma kila siku akitoka shule. Walifika mahali pa kununiana. Shangazi yao akatuambia ubao wa mlango ule bado uko, umefanywa mlango wa banda lake la kuku. Tukaenda. Niliomba kisu, nikakwangua polepole sehemu moja upana wa ukucha. Juu kijani, chini yake bluu, chini kabisa mbao. Kaka alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya rangi kubadilishwa, na dada alikuwa hajapata akili.

Nilipofika kwenye mlango niliupaka bluu kwanza, nikaisubiri ikauke. Kisha kijani juu. Kuzunguka kitasa, pale mikono ya watu wote wanne iliposukuma, nikaifuta kijani kwa kidole mpaka bluu ikatokeza.